Usikate Jani Lililoungua

Asubuhi ya kwanza niliikuta imelala,
minyanya ya shangazi Felismina,
kama walevi waliofika nyumbani wakakosa mlango.
Viunga vya Beja, mwezi wa nane, nyuzi arubaini na nne.
Hata mijusi walikuwa wamehamia chini ya ndoo.

Yeye yuko wodini, nyonga imevunjika
(aliteleza akimfukuza kondoo wa Baltasar kwenye maboga)
na mimi, niliyezoea ghorofa ya nne kule Lisboni
na ua moja la plastiki lisilodai kitu,
nikakabidhiwa funguo, mpira wa maji na onyo:
"Ikifa, usije kunitazama."

Nikafanya kila kosa.
Saa sita mchana nikamwaga maji;
udongo ukayakataa, ukayasukuma pembeni
kama mtoto na sahani ya uji.
Nikatia mbolea, viganja viwili kila shina.
Nikashika mkasi, nikakata kila jani la kahawia
mpaka mipilipili ikabaki uchi
na jua likayababua mashavu ya matunda.

Jioni akapiga simu.
Sikumwambia yote. Alijua.
"Mwenye homa hupewa maji, hapewi karamu.
Na jani lililoungua usilikate.
Limekufa, ndiyo. Lakini bado ni mwavuli."
Nyuma ya sauti yake mashine ilikuwa ikihesabu
mapigo ya moyo wa kitanda cha pili.

Basi nikaanza upya, saa kumi na moja alfajiri,
maji taratibu, penye mzizi, si kwenye jani,
ndoo moja shina moja, kisha nisubiri,
kisha nichomeke kidole mpaka kifundo cha pili
nijue kama ubichi umefika chini
au umenidanganya juujuu.
Nikaenda kwa Baltasar kuomba mabua ya ngano.
Alinipa marobota mawili bila kunitazama machoni,
kondoo wake pembeni akitafuna ushahidi.
Nikayatandaza, unene wa kiganja.
Nikatoa sandukuni shuka la harusi la shangazi, lile la kitani,
nikalitoboa pembe nne, nikalitundika upande wa magharibi.
Hilo nalo sikumwambia.

Siku ya sita, mgongoni mwa jani la mtango, vumbi linatembea:
utitiri mwekundu,
na utando mwembamba kama pumzi kwenye kioo.
Kwenye miharagwe, vidukari shingo kwa shingo.
Nilikuwa na chupa ya sumu mkononi, kifuniko kimetoka.
"Geuza majani kwanza," akasema. "Tazama nani mwingine yumo."
Nikageuza. Kibibi mmoja, mwekundu, madoa saba,
anakula vidukari bila haraka
kama karani aliyebakiza mwezi mmoja astaafu.
Nikafunga chupa.
Nikakoroga maji ya sabuni, kijiko kwa lita,
nikangoja jua lizame, nikaosha jani moja moja
kwa upande usioonekana,
nikimzunguka karani.

Mitango miwili ilikufa hata hivyo.
Nilimwambia hiyo. Akanyamaza, akasema,
"Ile ilikuwa mibishi tangu mbegu."

Kisha akauliza alichokizunguka siku zote hizo:
"Na mlimau?"

Mlimau wa marehemu Anselmo. Nilikuwa naupita
kama mtu apitaye mlango wa anayemdai.
Fimbo tu, hauna hata jani la kusingizia.
Nikaibana simu begani, nikachukua kisu,
nikakwaruza gome, upana wa ukucha.
Kahawia.
Nikashuka shibiri. Kahawia, kavu, kama ganda la karanga.
Nikapiga magoti kwenye mabua,
nikakwaruza pale shina linapokaribia udongo,
na hapo, chini ya makali ya kisu,
kijani,
chembamba kama uzi wa kushonea kifungo.

"Mbona kimya?" akauliza.
Nikanusa kisu. Limau.
"Usikate," nikamwambia, "nafungua bomba."