Iruhusiwe Kuwa Tupu

Daftari la Chama cha Kuzikana, Makorora,
lina jalada jeusi na mgongo wa kitambaa chekundu.
Kurasa za mwanzo zimeliwa na mende
hata majina ya waasisi yamebaki vipande:
Mbar—, Shekiv—, Mwanaki—.
Miaka kumi na tisa nimelibeba kwenye mfuko wa kitenge
toka Barabara ya Kumi na Nne hadi matangani, na kurudi.

Leo nimelitua mezani kwa Zaituni,
kwenye duka lake la fotokopi,
kati ya rimu za karatasi na chupa ya chai ya tangawizi.
Akanivutia stuli. "Shangazi, usiogope.
Hakuna amri za kukariri. Humu mna picha na vitufe.
Wewe bofya tu, yenyewe itajua la kuiambia mashine."

Nikashika kipanya kama mtu aliyeshika kifaranga.

Kushoto mwa kioo pana mti uliolala ubavu;
ukigusa alama ya kujumlisha, unatoa matawi.
"Bofya kulia hapo. Chagua Hifadhidata Mpya."
Dirisha likafunguka, jeupe, likataka jina.
Nikaandika: chama cha kuzikana.
Zaituni akachekea puani. "Usiache nafasi, shangazi.
Maneno yashikane."
Nikayashikanisha kwa vistari vya chini,
chama_cha_kuzikana,
yakaenda bega kwa bega kama wabeba jeneza.

Nikabofya Sawa.
Sikusikia kishindo, wala kengele.
Chipukizi moja tu liliota pale mtini,
na nilipolifungua, ndani mlikuwa kweupe:
nyumba imeezekwa, haijahamiwa.

"Sasa jedwali la wanachama. Unataka kujua nini juu yao?"
Nilitaka kusema: nani anachelewesha ada
na baiskeli kanunua mpya.
Nikasema: namba, jina, mtaa, simu, ada.
Namba ikachorewa ufunguo mdogo wa dhahabu.
Itajiongeza yenyewe, akasema,
na namba ya aliyefutwa hapewi mwingine.
Hilo kwetu la zamani, nikamjibu.
Ishirini na saba ni ya Kijangwa, fundi baiskeli.
Tangu tumzike, hatujamgawia mtu.

Pembeni mwa kila safu pana kisanduku
kinachouliza: yaruhusiwa kuwa tupu?
Jina? Hapana. Nani hana jina?
Simu? Ndiyo. Bi Mwanakombo hupigiwa kwa jirani.
Ada? Zaituni akanitazama.
Hapana. Asiyelipa aandikiwe sifuri.
Sifuri ni deni; tupu ni kusahau.

Ya mwisho niliiandika mwenyewe,
herufi moja moja, kwa kidole cha shahada:
tarehe_ya_kufariki.
Mkono ukasimama juu ya kisanduku.
Nje mtu alikuwa akipiga kengele ya baiskeli,
anataka nakala ya cheti cha kuzaliwa, upesi, ofisi zinafungwa.
Nikaweka tiki.
Iruhusiwe.

"Jaribu na mtu unayemjua," Zaituni akasema.
Nikajiingiza mimi.
Arobaini na tatu, kama ilivyo daftarini,
Mwanahamisi Mhina, ada imelipwa hadi mwezi huu.
Kwenye safu ya mwisho programu yenyewe
ikaweka kineno cha kijivu, kimelala upande,
cha kusema bado haijulikani.
Nikakitazama mpaka chai ikapoa.

"Hifadhi, shangazi, umeme usije ukatukatikia."
Nikahifadhi. Nikafunua ukurasa wa kwanza.
"Namba moja, Mbar— nani? Mbaruku? Mbaraka?"
Sikujua.
Nikajaribu kuruka. Ikagoma, ikatoa maandishi mekundu:
jina haliruhusiwi kuwa tupu.

Nikajitanda mtandio, nikatoka
kwenda kuwauliza wajukuu zake, Barabara ya Nane.