Kichupa cha Mawese

Naingia duka la Mwanga, kiinua mgongo changu
kimefungwa kwenye leso, na ndani ya pochi
kichupa cha dawa ya kikohozi kisicho na dawa:
nimekijaza mawese ya Simbo, mazito, ya msimu huu.

Kijana wa duka anaitwa Rusimbi.
Ananipitisha mbele ya friji kama anayeposa kwa niaba yangu:
nyeusi, ya fedha, ya damu ya mzee,
na kule nyuma, karibu na choo, nyeupe.
"Nyeupe imepitwa, mama. Watu wanachukua ya fedha.
Jikoni pakiwa na fedha, mgeni haulizi mshahara."

Butoyi naye, binti yangu, yuko Dodoma,
kanipigia mara mbili nikiwa kwenye bodaboda:
"Ya fedha, mama. Usije ukaniaibisha na nyeupe."

Mimi na weupe tunajuana.
Miaka thelathini na miwili, wodi ya wazazi, Maweni:
gauni jeupe, soksi nyeupe, viatu vya kupaka chaki,
buluu ya kufulia kila Jumapili jioni,
na Jumatatu, kabla ya saa nne,
mtoto wa mtu kashaniandika kifuani.
Siku niliyostaafu nililichana gauni, nikapata matambara sita.
Nikaapa: cheupe hakirudi kwangu, hata sahani.

Basi nafungua kichupa.
Rusimbi anadhani nataka kunywa dawa, ananiletea maji.
Nachovya kidole, napaka mlango wa fedha.
"Mama! Mama, hiyo laki tisa!"
"Nyumbani itapakwa kila siku, bure. Nipe kitambaa."

Ya fedha: nikifuta, doa linatanuka, linakuwa wingu,
na juu ya wingu vidole vyangu vyote vitano
kama niliyepelekwa polisi.

Nyeusi: mafuta yanakubali kuondoka,
ila vumbi la barabara limeshaingia kuuliza kuna nini.

Damu ya mzee:
napaka, natazama, sioni kitu.
Nainama. Navaa miwani.
Hakuna. Mlango umemeza.
Rusimbi anapiga makofi: "Hiyo sasa! Hiyo haichafuki!"

Nami moyo unanishuka.
Rangi hii nimewahi kuitandika.
Mashuka ya msaada, katoni nzima, mwaka ule wa mvua,
tukayasifu wenyewe: haya hayaoneshi.
Kweli hayakuonesha.
Nusura yule mama wa Kalinzi atutoke usiku
huku tukipita na taa, mara ya kwanza, mara ya pili,
tukiona kitanda kimetulia.

Simwambii Rusimbi. Namwambia tu:
"Nisogezee ile ya karibu na choo."

Naipaka mstari mmoja, mnene.
Unawaka. Unapiga kelele
kama kichanga kilichotoka salama.
Nafuta kwa maji na sabuni, mara moja. Kimya.
"Hii," nasema, na ulimi wangu mwenyewe unanishangaa.

Na jiko? Meupe yamekwisha, hayaji mpaka mwezi ujao.
Nachukua jeusi. Moto ni moto,
na leo sina nguvu ya kula kiapo kingine.
Butoyi kaiona picha, kaandika:
"Mama, umefuga punda milia?"

Usiku umeme ukakatika.
Nikasimama jikoni kati ya vitu vyangu viwili vipya,
gizani vikawa vya rangi moja, na ugomvi ukaisha.
Kisha nikawasha tochi ya simu, nitafute kibiriti,
nikaona penye mpini wa friji alama ya dole gumba,
ndogo, ya machungwa,
yangu au ya Rusimbi, sijui.

Inaonekana.
Nikaiacha mpaka asubuhi.