Nani Akumbukwe

Jumanne saa nne, upepo wa Punta Arenas
ukiusukuma mlango wa maktaba kabla ya watu,
Bi Eduvigis Barrientos aliingia na kompyuta yake
imefungwa kwa kitambaa cha meza, mafundo mawili,
kama mkate uliotoka tanuri sasa hivi.

"Inanifukuza," alisema. Salamu ilibaki nje.
"Kliniki inanifukuza. Benki inanifukuza.
Barua za Antonella nazisoma, nazifunga,
nakwenda kuepua birika, nikirudi
naulizwa: wewe nani?"

Nikamvutia kiti. Ndiyo kazi yangu ya Jumanne,
kazi ya bure, na mara nyingine biskuti.

Nilianza na saa. Mashine iliyopotewa na siku
huwatilia shaka hata wenyewe.
Tarehe ilikuwa sawa. Dakika pia.
Nikakagua viongezi: kimoja tu,
cha kukuza herufi, hakina hatia.
Nikamuuliza kama hufungua dirisha la faragha.
"Faragha ya nini? Naishi peke yangu."

Basi nikamwomba aingie, nione.
Daftari likatoka chini ya uzi wa sufu:
nenosiri kwa penseli, limefutwa, limeandikwa upya,
jina la mbwa aliyekwisha kufa
na alama ya mshangao.
Nikageuza uso, kama mtu anapovaa.

Akaingia. Akafunga. Akafungua.
Hodi.
Akaingia. Akafunga. Akafungua.
Hodi tena, na hakuna wa kusema karibu.

Nikateremka kwenye mipangilio,
chini ya lugha, chini ya rangi,
mahali ambapo watu hawafiki,
nikakikuta kisanduku chenye alama ya vema:
Futa vidakuzi vyote kivinjari kinapofungwa.

Kidakuzi, nikamweleza, ni kikaratasi
unachopewa mlangoni: huyu ameshajulikana,
msimsumbue. Nawe kila ukifunga
unavichoma vyote, hata cha Antonella.
"Nani aliyeweka alama hii?"

Alikunja kitambaa, akakikunjua.
"Mimi."

Mwaka juzi sauti laini ya mwanamume
ilimpigia simu, ikamwita mama,
ikaondoka na pesa za sufu za misimu miwili.
"Siku hiyo niliiambia mashine: usikumbuke kitu.
Asiyekumbuka hana la kusimulia."

Ningeweza kuiondoa ile alama. Mguso mmoja.
Lakini ni komeo alilolipiga mwenyewe,
usiku, miwani puani, bila msaada wa mtu,
na mimi ni nani nilivunje
ili kazi yangu iishe mapema?

Chini ya kisanduku palikuwa na kitufe kidogo:
Isipokuwa.
Sijui aliyelichagua neno hilo
kama alijua alichokuwa akikifanya.

"Nani akumbukwe?" nikamuuliza.

"Kliniki," haraka, "kwa ajili ya moyo."
"Antonella." Hilo alilitamka polepole,
akanisimamia nikiandika anwani,
herufi kwa herufi, nukta isije ikaanguka.

Kisha kimya.
"Na benki?"
"Benki iniulize kila siku.
Nami kila siku nitaiuliza
pesa zangu ziko wapi."

Tukafunga. Tukafungua.
Barua tatu zilikuwa zinamngoja,
na picha ya mtoto asiye na meno ya mbele
amesimama kwenye ngazi za Valparaíso.
Hakuna aliyemuuliza yeye nani.

Hakunishukuru. Alifunga mafundo yake mawili,
akaacha biskuti nne juu ya kinanda cha kompyuta,
makombo yakaingia kati ya herufi.
Mlangoni upepo ulimpokea kwa kishindo.
Akaufunga nyuma yake.
Nikasikia akiuvuta tena, kuhakikisha.