Lango la Juu

Ngazi kumi na tisa hadi pangoni,
nazihesabu kwa miguu, taa haitoshi.
Mjomba Canio ametangulia. Ana ufunguo,
ana mkate wa jana, ana bilauri mbili
alizozipangusa kwa ncha ya shati.
Ukuta wa jiwe la volkano unatoa jasho
hata Agosti, hapa Barile,
ambako juu barabarani lami inanata kwenye soli.

Anamimina. Hajazi;
theluthi tu, kama mtu anayepima dawa.
Aglianiko ya mwaka ule wa kiangazi kirefu,
zabibu ziliponyauka zikiwa bado mtini
na bibi Nunzia akang'ata mbegu, akatema:
"Bado."
Kila Jumapili akang'ata, akatema, "Bado,"
tukaja kuchuma Novemba, vidole vimekufa ganzi.

Rangi naiona mwenyewe:
si wekundu wa bendera,
ni wa kidonda kilichoanza kupona,
ukingoni umefifia ukawa tofali.

Pua ndiyo kazi. Yake ilikufa
msimu wa baridi wa mwaka juzi, kwa homa ya siku sita,
na haikufufuka. Kahawa kwake ni maji ya moto.
Moshi anaujua akiuona.
"Niambie," asema.

Nasema: cheri.
"Cheri husema wanaouza."
Nasema: plamu iliyokaushwa. Ngozi. Tumbaku.
Anaguna. Anatafuna mkate.
Nazungusha, nanusa tena, sina haraka,
posta nimeifunga saa saba
na barua za watu zitangoja;
na hapo, chini ya tunda,
nakuta kitu nisichokitafuta:
bawaba ya lango la shamba
likifunguliwa baada ya mvua,
chuma, kutu, na jani la mnanaa lililokanyagwa.

"Lango la juu, au la chini?"
"La juu."
Ananyamaza.
La juu tuliliuza pamoja na shamba lake,
tukalipia paa, na meno yake ya mbele.

Sasa anakunywa. Hapa hahitaji mkalimani.
Naona mashavu yakivutwa ndani,
ulimi ukitafuta mate usiyapate,
ufizi ukikamatwa na ule ukakasi
wa aliyeng'ata ganda la komamanga kwa pupa.
Anafumba macho. Ukakasi haupiti puani,
homa haikuujua njia.

"Watu huuliza," asema,
"mvinyo utaitwaje mkavu, nao ni majimaji.
Hawajapata kunywa kitu
kinachokuacha na kiu kuliko kilivyokukuta.
Sukari yote imeliwa na hamira,
haikubaki hata ya kukubembeleza."

Nami nakunywa.
Ukali kwanza, pembeni mwa ulimi,
kisha mkono mkavu unapapasa kinywa chote
kama fundi anayekagua plasta.
Nameza, nahesabu kimoyomoyo:
kumi, ishirini,
arobaini, na ungalipo,
mchungu kidogo, ngozi ya lozi.

"Umekwenda?" namuuliza.
"Pua haijui. Meno yanasema bado."

Bado! Nacheka, yeye hacheki.
Anaisukuma bilauri yangu
juu ya pipa, polepole, isimwagike.
"Zungusha tena," asema.
"Nje ya lango palikuwa na kitu. Hujakitaja."