Wati Mia Sita na Hamsini

Jumamosi, mtaa wa Santa Ifigênia, mvua ya São Paulo
ile isiyonyesha wala kukatika.
Mimi na Thaísa tumesimama mbele ya kioo
kilichojaa feni zinazowaka rangi kama keki za harusi,
na keki za harusi nazijua,
nimezipamba miaka kumi na tisa.

Orodha yake kaiandika nyuma ya mfuko wa unga.
Kafuta, kaandika, kafuta,
hata karatasi imetoboka
pale palipokuwa na jina la kadi ya grafiki.

"Anza na kadi, mzee," asema Jurandir wa kaunta.
"Kadi ndiyo gemu. Vingine wasindikizaji."

Nionyeshe pawasaplai, nikamwambia.

Akacheka. Nani huanza na hiyo?
Sanduku jeusi, linakaa chini, linageuzia watu mgongo,
mgeni hataliulizia milele.

Sikumjibu. Nilikuwa namkumbuka Bwana Abílio,
mwaka wangu wa pili kazini,
na mashine yake mpya ya kukandia, ya Kiitaliano,
aliyoiunga kwenye waya wa zamani.
Saa tisa usiku ikaungua.
Tukakaa gizani tukiusikia unga ukiumuka peke yake,
ukafurika mabeseni, ukashuka sakafuni
polepole
kama kitu kinachotafuta mlango.

Wati mia sita na hamsini. Nikalipa, nikalipakata.

Prosesa ya viini sita, hapo hatukubishana.
Madabodi yenye nafasi nne za ram,
ingawa tulikuwa na pesa ya kujaza mbili.
"Na hizo tupu?"
Nikasema nafasi tupu nayo hununuliwa,
muulize yeyote aliyewahi kupanga chumba.

Kisha Jurandir akainama, akatoa kadi isiyo na boksi.
Nusu bei. Miaka miwili ilikuwa ghalani na wenzake mia,
haizimwi mchana, haizimwi usiku,
ikichimba sarafu ambazo hakuna mkono ulizishika.
Nikaizungusha feni kwa kidole: ikakwaruza kidogo.
Nikainusa: vumbi lililookwa.
Hapana, nikasema. Hii imechoka.

Thaísa hakunitazama.
"Baba, nawe si wa zamu za usiku?
Mbona bado unafanya kazi?"

Jurandir akajitia kupanga nyaya.
Tukainunua.

Kasha hatukununua.
Dona Creusa alipofunga ukumbi wake wa gemu
alitupa moja, bado lina kibandiko: namba 7.
Ndicho kiti nilichokuwa nikimfuata Thaísa jioni,
nyusi zangu nyeupe kwa unga,
naye akinipungia bila kugeuka:
dakika tano, baba, dakika tano.

Nyumbani nikanawa mikono mara tatu.
Bisibisi yake, tochi yangu.
Alipofika kwenye ile dawa ya prosesa
akaminya tone kama punje ya dengu, basi.
Nikaguna. Mpambaji keki hawezi kuona hivyo akanyamaza.
"Usiguse," akasema, na sikugusa.

Akabonyeza.
Kimya.
Akabonyeza tena, akakagua ram, akachomoa, akachomeka
mpaka ikalia *tak*. Kimya.
Niliiona shingo yake ikianza kuwa nyekundu.
Nikaanza kuisingizia kadi.

Akazunguka nyuma ya kasha,
akapiga magoti, akanyamaza,
kisha akacheka hadi akakaa sakafuni:
swichi ya pawasaplai yangu,
ile niliyoibeba kama mtoto mchanga,
ilikuwa imezimwa.

Saa nane usiku navaa viatu niende kazini.
Chini ya mlango wake kuna mwanga wa buluu.
Naingia. Hanisikii, masikio yamefunikwa.
Naigusa namba 7 kwa mgongo wa kiganja,
jinsi nigusavyo mkate ukitoka tanurini.

Ina joto. Si moto.
Ile kadi inakwaruza, inaendelea.

"Lala, Thaísa."
Mkono unapunga, bila kugeuka.