Mbwa Asiyesema

Aune Syrjälä alianza na mashine ya fotokopi
ya ofisi ya kodi, Tampere, saa nane za usiku,
ndoo ya maji ya sabuni ikimsubiri mlangoni.
Karatasi ya serikali, wino wa serikali,
nakala arobaini, pini mbili kila kijitabu,
na mbwa mwenye masikio kama bahasha
akivuka kurasa nane bila kutamka neno.

Bei: yuro mbili. Au sigara. Au supu.

Jumamosi alijifunga kodiani ya marehemu mjomba wake.
Kitufe kimoja kilikwama tangu zamani,
kikilia kwa hiari yake katikati ya wimbo wowote,
wa harusi, wa msiba, hakikuchagua.
Mimi nilipiga besi. Nilipiga vibaya.
Watu kumi na mmoja, watatu jamaa zetu,
na theluji ikiyeyuka kwenye viatu vyao.
Tukimaliza, alitandaza vijitabu juu ya sanduku la kodiani
akakaa nyuma yake kama muuza samaki
aliyechoka kuita wateja.

Ukaja mwaka wa yule mchapishaji wa Helsinki,
mkataba ndani ya jalada la kijani.
Alichotaka ni kimoja tu: mbwa aseme.
Aune alisoma hadi mwisho, polepole, kidole juu ya mstari,
kisha mahali pa sahihi
akachora mbwa, kampa mtu mgongo.

Nilinuna miezi mitatu.
Kodi ya chumba tulichangia wawili.
Heshima haichemki chunguni, nikamwambia.
Akanijibu kwa kumenya viazi.

Siku hizi viungo vya vidole vimevimba.
Mstari wake unatetemeka, mbwa ameota manyoya
ambayo hakuna aliyeyakusudia.
Fundi mmoja wa Turku alikizibua kile kitufe, bure, kwa mapenzi;
Aune akashukuru,
lakini kila tukifika pale pale anasita,
anakisubiri, na mimi nasita naye,
na mpiga ngoma, kijana wa juzi, hutushangaa.

Kijitabu cha mia na kumi na mbili kimetoka jana.
Ukurasa wa nane mbwa amefungua kinywa.
Kiputo kipo, kimechorwa vizuri, kikubwa,
ndani hamna kitu.

Nilimuuliza. Akatia pini ya pili.
Yuro mbili, akasema,
hata wewe.