Mbavu za Ambokile

Ambokile alianguka Jumanne, saa nne asubuhi,
toka mparachichi wa tatu, ule ulioinamia korongo,
na kabla ya kutaja mbavu, kabla ya kuomba maji,
alisema: nyoka amepaa.

Tulicheka. Kreti zilikuwa nusu,
lori la mnunuzi linanguruma barabarani,
na mvua ya Tukuyu, isiyojua hodi,
imeshaumeza Rungwe mpaka kiunoni.

Wa kijani, alisema. Mwembamba kama kamba ya kiatu.
Yeye tawi la juu, mimi la chini yake,
tukatazamana. Akaachia.
Hakuanguka! Aliogelea hewani,
akajikunja, akajikunjua,
akatua mgombani kwa Subilaga, ng'ambo ya korongo.
Mimi nikasahau kwamba nimeshika.

Makandana, wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani.
Mbavu mbili. Usicheke, usipige chafya.
Mwalimu Anyandwile alikuja na ndizi mbivu na ukweli:
wapo, Ambokile, ila si hapa.
Huko Asia, misituni, wako nyoka
wanaojirusha toka mti hadi mti.
Bawa hawana. Hutanua mbavu,
tumbo likabonyea kama mfereji wa bati,
mwili ukawa utepe, wakajipinda kulia, kushoto,
hewa ikawabeba.
Lakini hawapandi juu hata siku moja;
kila wanakotua ni chini ya walikotoka.
Kule si kuruka. Ni kuchelewa kuanguka.
Wako aliponyoka tu, jani la mgomba likamdaka.

Subilaga naye, mlangoni:
mkungu nimeukata, nyoka sikumwona.

Ambokile alitazama dari muda mrefu.
Hutanua mbavu? akauliza.
Akavuta pumzi, taratibu, kama anayejaribu shati la mtu.
Bandeji ikamkatalia.

Sikumwambia mwalimu. Nilikuwa chini, na kapu,
shingo nimeinua, nimechoka kungoja parachichi.
Nyoka sikumwona mimi.
Nilimwona mtoto wa mama yetu, kilo themanini na viatu vyake,
koti la mvua limefunguka pande zote mbili,
na kwa kitambo kile, kabla ya udongo kumkumbuka,
alikuwa hajaanza kuanguka.

Naapa alikuwa akitabasamu.